Shafti Iliyoliwa na Mkeka

Ndugu zangu wa Chamwino, na ninyi mnaokaa mbali lakini mna kaka, mume au mtoto anayeinamia simu kutwa nzima, sogeeni niwasimulie. Mimi ni Joha, mama Abdulrahim, jirani wa ukuta mmoja na nyumba ya marehemu mzee Sila. Nitasema nilichokiona na nilichokisikia. Nikipandwa na hasira katikati mnivumilie, maana jambo lenyewe linakera.

Alasiri moja mtaa ulikuwa umetulia. Hata upepo wetu wa Dodoma, ambao haujui kupumzika, ulikuwa umepumzika. Upande wa pili wa ukuta, Evodia, binti wa mzee Sila, alikuwa kwenye mashine yake ya kukerezea vyuma, na chuma kilikuwa kinalia kile kilio chembamba nilichokwisha kukizoea. Mama yake, bibi Anyesi, alikuwa barazani akishona mkeka wa ukindu. Katikati ya ua lilisimama lori.

Lori lenyewe ni Bedford ya pua ndefu, rangi ya kijani iliyopauka. Mzee Sila alilibebea zabibu za Makutupora kwa miaka mingi, mpaka injini ikamshinda, naye akafa akiwa bado anasema wiki ijayo ataliamsha. Evodia alizunguka maduka yote ya spea mjini. Wauzaji walikuwa wanaitazama spea ya zamani mkononi mwake, wanacheka, wanamwambia, "Dada, hii labda ukachonge."

Basi akaenda kuchonga. Alikuwa amesomea ukerezaji chuoni na kufanya kazi karakana ya watu. Karakana ile ilipofungwa, aliichukua mashine moja kuukuu badala ya kiinua mgongo, akaibadilishia mota ili ikubali umeme wa nyumbani. Akaifunga kwenye banda la mbuzi, maana mbuzi wenyewe hawakuwapo tena. Walikokwenda mbuzi mtakujua sasa hivi.

Nieleze kidogo kazi yake, kwa sababu kisa chote kimekalia hapo. Anayechonga spea ya gari la kale hana mchoro. Mchoro wake ni ile spea mbovu iliyotoka kwenye injini. Ataipima huku na huku, atajua wapi imelika na wapi bado nzima, ndipo achonge mpya. Ile mbovu inaitwa sampuli. Kwa fundi, sampuli ni bora kuliko kitu kipya, kwa sababu kipya kikiharibika atachonga kingine, lakini sampuli ikipotea hana pa kuanzia. Kwa mpita njia ni chuma chenye kutu.

Evodia alikuwa amefika mbali. Sehemu nyingi za injini zilikuwa tayari zinang'aa juu ya meza. Ilibaki shafti ya pampu ya maji, ile fimbo ya chuma inayozungusha maji yapoze injini. Bila hiyo lori lingechemka kabla halijafika barabara ya lami.

Na muda ulikuwa unambana. Baba yake mdogo, mzee Damas, alikuwa ameketi na ukoo na kuamua: misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ikifika, lori litoke uani kwa magurudumu yake lenyewe, la sivyo likatwe liuzwe chuma chakavu. Walikaa wanaume watupu. Evodia aliitwa mwishoni kuambiwa tu.

"Mwanangu, sisi hatukuonei," mzee Damas alimwambia. "Lakini mwanamke na injini wapi na wapi?"

"Baba mdogo, injini haijawahi kuniuliza," Evodia akajibu. "Siku hiyo njoo na watu wako. Na viatu vizuri uvae, utapanda gari."

Sasa nimfikie Erick, mdogo wake Evodia. Kijana mzuri, mcheshi, akikusalimia unasahau ulichotaka kumgombeza. Lakini alikuwa ameliwa na mkeka. Wazee wenzangu msishangae. Mkeka wa siku hizi si wa kulalia. Ni ile orodha ya timu anazozibashiria mtu kwenye simu, akitumaini zote zitafanya atakavyo. Moja ikikosea, wanasema mkeka umechanika. Wa Erick ulikuwa unachanika kila wiki. Mbuzi wa mama yake walichanikia humo, redio ya marehemu ikafuata, kisha taa ya sola. Kila mara alilia na kuapa kwa jina la baba yake, na bibi Anyesi alimfuta machozi na kumpakulia chakula.

Siku moja Evodia na mama yake walikwenda Makutupora kuzungumza na wakulima. Mavuno yalikuwa yamekaribia, na walitaka kuahidiwa mzigo. Mimi nilikuwa nje naanika mtama nikamwona Erick anatoka na kiroba begani, anapanda bodaboda.

"Unapeleka nini, Erick?"

"Takataka tu, mama Abdulrahim. Namsafishia dada banda lake."

Waliporudi nilisikia sauti ya Evodia ikiita jina la mdogo wake kwa namna ambayo sijawahi kuisikia. Nikazunguka ukuta.

Kiboksi cha sampuli kilikuwa kitupu. Erick alikuwa amesimama mlangoni, hajakimbia wala hajaona aibu. Alikuwa anashangaa kweli.

"Dada, mbona unapiga kelele? Vipya vyako vyote hivyo hapo, sijagusa hata kimoja! Nimechukua mabovu tu."

"Shafti iko wapi, Erick?"

"Ile yenye kutu? Nimeuza kwa Mudrick. Dada, mkeka wangu ulikuwa umebakiza timu moja tu, wallahi nilikuwa nakununulia mashine mpya!"

Huyo ni Mkristo anaapa wallahi, mpaka mimi Mwislamu nikaona haya kwa niaba yake. Evodia hakumpiga. Alisema, "Ungechukua vipya vyote ukaniachia hiyo, leo ningelala." Erick hakuelewa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko wizi wenyewe, kwamba aliamini amefanya ustaarabu.

Tukakodi bajaji mpaka Majengo, mimi na Evodia. Mudrick, mnunuzi wa chuma chakavu, alikuwa amekaa juu ya mzani wake anakunywa kahawa.

"Shafti ndogo? Dada yangu, mzigo umeondoka mchana. Sasa hivi uko njiani kwenda kuyeyushwa." Akamtazama Evodia usoni, akaiweka kahawa chini. "Pole. Yule kijana alisema ni takataka."

Habari za ubaya zina miguu. Kesho yake mzee Damas aliingia uani akipiga mbukwenyi, salamu ya Kigogo, kwa sauti ya furaha kama mtu aliyekuja kwenye posa.

"Mbukwa, baba mdogo. Shikamoo," Evodia akaitika akiwa amechuchumaa mbele ya injini.

"Marahaba. Nimesikia, mwanangu. Mungu ameamua. Tusisubiri misa, nitatuma mafundi wa kukata."

Evodia akasimama. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa oili mpaka kwenye viwiko.

"Mungu hajaamua. Ameamua Erick, na Erick si Mungu. Siku uliyosema haijafika, baba mdogo, na neno lako ulilitoa mbele ya ukoo. Shafti imeuzwa. Tundu ilimokaa halijauzwa."

Mzee akamgeukia bibi Anyesi amsaidie. Bibi Anyesi, ambaye sikuwahi kumsikia akimjibu shemeji yake, alivuta uzi wa mkeka wake mpaka mwisho ndipo akasema, "Shemeji, chai ipo. Kama hunywi, njia unaijua."

Nilicheka mpaka nikajificha nyuma ya lori. Mzee hakunywa chai.

Evodia akaanza. Ganda la pampu lilikuwepo, kwa hiyo alipima matundu yake. Beringi zilikuwepo, nazo zikamwambia unene wa shafti pale zinapokaa. Puli, lile gurudumu linalovaa mkanda, na panga la ndani linalosukuma maji vilikuwepo, navyo vikamwambia unene wa ncha zake. Kila kitu kilichowahi kuishika ile shafti kiliulizwa. Lakini jambo moja hakuna aliyelijua: ichomoze nje kiasi gani, ili puli yake ikae mstari mmoja na puli ya chini. Ikizidi au ikipungua kidogo tu, mkanda utaruka.

Hapo alikwama. Alikaa chini kwenye vinyuzi vya chuma vilivyomwagwa na mashine, akafunika uso, akalia. Alilia kwa hasira, na mimi nililia naye.

Bibi Anyesi alikuja na ule uzi wa katani anaoshonea mikeka. "Mimi kujua upande wa mkeka umepinda, navuta uzi," akasema. "Jicho linadanganya, uzi haudanganyi."

Evodia akafunua uso. Akauchukua uzi, akaufunga kwenye puli ya chini, akauvuta kwa unyoofu mpaka juu mbele ya pampu, na pale ulipopita ndipo puli ya juu ilipotakiwa kukaa. Akapima toka hapo kurudi ndani. Kipimo kikapatikana.

Chuma kizuri alikuwa na kipande kimoja tu, alichokata kwenye ekseli ya lori jingine lililokufa. Akikosea, hakuna kingine. Nilimwona amefunga kilemba vizuri na kukunja mikono ya shati ili mashine isimshike, akasogeza kisu cha mashine kwenye chuma taratibu. Bibi Anyesi alisimama mlangoni na rozari. Mimi nilisimama nyuma yake na dua zangu. Chuma kikalia kile kilio chembamba, na kiliponyamaza Evodia akaichukua shafti mpya kwenda kuijaribu kwenye ganda la pampu.

Siku ya misa mzee Damas alitoka kanisani moja kwa moja na vijana wawili na mtungi wa gesi wa kukatia. Ukoo ukajaa uani. Evodia alikuwa na gauni la kanisani, na juu yake koti la kazi. Akapanda, akawasha. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Mtu akaguna. Akawasha tena, ikakohoa, moshi mweusi ukatufunika sote na nguo zetu za misa, halafu ikashika. Ikanguruma mpaka kuku wangu wakaruka ukuta.

"Litachemka," mzee Damas akasema. "Ngojeni."

Tukangoja. Evodia hakushuka. Mzee alisogea, akainama kwenye rejeta, akasubiri mvuke. Mkanda ulikuwa unazunguka mstari mmoja bila kutikisika. Mwishowe alinyoosha mgongo, akawaambia wale vijana warudishe mtungi kwenye gari. Evodia akachungulia dirishani.

"Baba mdogo, viatu umevaa vizuri. Panda basi."

Akapanda. Ukoo mzima ukapanda nyuma, na mimi nikiwemo, tukilia na kupiga vigelegele.

Erick hakuwa uani. Tulimkuta barabarani, kwenye benchi la kibanda cha kubeti, macho kwenye simu. Evodia akasimamisha lori mbele yake, akasema mlango wa abiria ufunguliwe. Bibi Anyesi, aliyekaa upande wa mlango, akaufungua, akamsukuma mzee Damas kidogo ndani ili nafasi ipatikane.

"Mzigo wa zabibu unatungoja Makutupora," Evodia akasema. "Nahitaji mpakiaji. Panda."

Erick aliliangalia lori la baba yake linanguruma. Nawaambieni, uso wake ulifunguka, nikadhani ataruka. Kisha simu ikatoa kelele.

"Dada, dakika tano tu. Mpira unaisha."

Evodia akamtazama mama yake. Nilijua bibi Anyesi atasema tumsubiri, maana ndicho alichokuwa akikifanya miaka yote. Bibi Anyesi alinyoosha mkono, akaufunga mlango mwenyewe.

"Twende," akasema.

Lori likaondoka. Nyuma nilikuwa nimekaa nikimtazama Erick, naye hakuinua kichwa mpaka tulipokuwa mbali. Mkeka wake ulichanika siku hiyo pia.

FUNZO

Ndugu zangu, kamari haianzi kuiba unachokithamini. Inaanza na kile ambacho mchezaji mwenyewe amekiita takataka: redio ya marehemu, mbuzi aliyekonda, chuma chenye kutu. Akishajipa haki ya kusema kipi ni takataka nyumbani kwenu, hamna kitu kitakachobaki salama. Mnyimeni haki hiyo mapema, na kwa sauti.

Ninyi wazee wa vikao, mkimpangia binti kushindwa, jiandaeni kupanda gari lake mkiwa mmenyamaza.

Nanyi akina mama, mwenye uraibu mpendeni, mwiteni, mfungulieni mlango. Lakini akiomba dakika tano za mpira, ondokeni. Mlango ule wa abiria hauna kufuli, Evodia alikataa kuuwekea. Kila asubuhi lori likipita pale kwenye benchi hupunguza mwendo. Halisimami.