Nusu Saa Bila Pampu

Siku ile walikuwapo wanne: mke wa mkulima, mwanawe wa miezi mitano, mama mkwe wake, na fundi pampu. Mume alikuwa ameenda mjini kununua mbegu.

Shamba lao lilikuwa chini kuliko ziwa. Zamani palikuwa maji matupu. Watu wakajenga tuta, wakayavuta maji kwa pampu, wakapanda vitunguu. Pampu ilinguruma usiku na mchana.

"Fundi, mashine yako inakoroma kumshinda marehemu mume wangu," mama mkwe alimtania.

"Basi leo utapumzika, mama. Naizima nusu saa nitoe magugu yaliyonasa ndani." Fundi akapanda juu ya tuta, ilikokaa pampu.

Mama mkwe akamgeukia mkwewe. "Nawe kajinyooshe, mwanangu. Mtoto kakukesheza. Nepi nitaanika mimi." Akatoka nje, akaufunga mlango taratibu, mtoto asishtuke.

Saa sita mchana, jua la utosi, pampu ikanyamaza.

Mke alisikia masikio yakiziba, kama mtu aliyepiga mbizi. Akatazama dirishani. Nje pakavu, vumbi tupu. Lakini nepi hazikuning'inia kwenye kamba. Zilisimama, ncha juu, zikiyumba polepole.

Kuku akapita mbele ya kioo, miguu juu, bila kupiga bawa.

Akakimbilia mlango. Ulikuwa wa kufungukia nje. Akausukuma kwa bega. Haukutikisika. Dirisha lilikuwa na nondo. Mtoto akaanza kukohoa.

"Mama," alinong'ona. "Uko wapi? Ingia ndani."

Jibu likaja kwenye tundu la ufunguo, karibu sana, kama la mtu mwenye maji mdomoni.

"Usisukume. Nimeuegemea."

"Mama, utakufa."

"Ukifunguka, yataingia kwenu. Mshike mtoto."

Akasukuma tena, mara moja. Mtoto akakohoa. Akaacha. Akamkumbatia mwanawe, akakaa sakafuni, akisikiliza kucha zikikwaruza mbao upande wa pili. Kisha hazikukwaruza tena.

Pampu ikanguruma. Mlango ukafunguka wenyewe.

Mama mkwe alikuwa amelala kando ya kizingiti, macho wazi. Gauni lake lilikuwa kavu. Fundi aliposhuka tutani na kumgeuza, maji yakamtoka mdomoni, yakatoka, yakatoka, na majani ya ziwani ndani yake.

Wakamzika mlimani. Kwenye mlango, upande wa nje, ilibaki alama ya mgongo na viganja viwili, mbichi. Mume aliipaka rangi mara tatu. Mwezi uliofuata wakahama, na ilikuwa haijakauka.