Gia ya Chuma Aliyonichagulia Magesa

Nina miaka kumi na saba, nipo kidato cha tatu hapa Musoma. Darasani mimi ndiye wa kuchekesha, hata mwalimu wa zamu hucheka kabla hajanichapa. Leo, wasomaji wenzangu, sina kichekesho...

Maduka yalipoanza kujaa vitu vya nje, baba mdogo aliniletea gari la rimoti toka Nairobi. Mota moja, magurudumu yote manne yanavuta kama landrova! Nililipenda kuliko masomo, mama ni shahidi.

Fundi alikuwa Magesa, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Yeye bisibisi, mimi rimoti. Ndivyo tulivyokuwaga.

Deo, mtoto wa mwenye duka kule Bunda, akatuita tushindane. Anayeshindwa anaacha gari! Na mdomo wangu huu, nikakubali...

Gia ya mbele ilikuwa imeisha meno. Tulikuwa na mbili za kubadilisha, moja ya plastiki, nyingine ya chuma. Nilitaka plastiki, maana gia nyingine zote ndani ni plastiki.

"Plastiki ni ya watoto wa chekechea, kaka," Magesa akasema. "Weka ya chuma, hiyo haikuangushi!"

Nikamwamini. Wewe usingemwamini?

Kule Bunda, mzunguko wa kwanza niliongoza, nikawa namuuliza Deo kama gari lake linavutwa na panzi. Wa pili langu likaanza kukoroma... likasimama! Chuma kilikuwa kimeisaga gia ya kati, imebaki kama unga wa muhogo. Deo akaondoka na gari langu kwapani.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Bunda nilitazame tu. Lilikuwa linakimbia, limewekwa gia za plastiki tupu. Na rimoti kashika nani? Magesa!

Nikamuuliza kama alijua chuma kitasaga.

"Nilijua," akasema, macho yake yapo kwenye gari. "Deo aliniahidi nitaendesha. Wewe hujawahi kunipa hata siku moja, kaka."

Sikulia. Sikutukana. Nilitafuta neno la kuchekesha, sikulipata... Nikapanda basi, nikafika nyumbani, nikala ugali na dagaa bila kusikia ladha. Mpaka leo sina hasira wala huzuni, nipo tu, kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi.

Wenzangu, msichanganye chuma na plastiki. Na huyo anayewakazia skrubu, mpeni rimoti naye aendeshe... mapema, kabla hajapewa na mwingine!