Bluu ya Raissa

Soko la Gitega lilikuwa limefurika. Nazario akapenya na debe la rangi begani, tone likadondokea kitenge kipya cha Letisia.

"Kaka, unapaka ukuta au unanipaka mimi?"

"Pardon, mrembo. Lakini iko inakupendeza!"

Letisia akacheka, akanaswa. Alikuwa amekulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Wazazi walikuwa wamerudi Giteranyi, yeye akabaki Gitega kwa shangazi yake, mtaa wa Magarama, akiuza maharage.

Miezi ikapita kwa simu za "we iko wapi, chérie?" Kisha Nazario akampeleka mtaa wa Nyamugari kuona nyumba aliyojenga. Kwenye ukuta wa chumba kulikuwa na mabaka mawili: njano na bluu.

"Chagua, mpenzi. Iko chumba chetu."

Bluu ilimvuta, kama anga la Giteranyi mvua ikikatika. Akagusa. Njano ilimnata kidoleni, mbichi. Bluu ilikuwa kavu, buibui ameshatanda utando pembeni.

"Hii bluu alichagua nani?"

Nazario akakohoa. "Zamani... Raissa."

Raissa! Yule mchumba wa zamani aliyemwacha Nazario akaolewa Bujumbura. Wivu ukampanda Letisia.

"Kumbe umenipanga naye ukutani, nishindane!"

"Nitapaka juu yake, haitaonekana."

"Wewe si fundi? Wateja unawaambia rangi ya zamani ikwanguliwe kwanza, la sivyo mpya itabanduka. Kwangu mimi unafunika tu?"

Asubuhi Letisia akapanda gari la Muyinga, kurudi kwa wazazi.

Giteranyi alilima kwa hasira. Mvua ikikatika, anga likitakata, alilikunjia uso: hata huko Raissa yupo! Simu ililia, ikalia. Jumapili akapokea.

"Usiseme kitu, chérie. Sikiliza."

Krr. Krr. Krr.

"Nini hicho?"

"Mi nakwangua. Raissa iko anaanguka chini vipande vipande. Saruji imeonekana. Mkono unauma, kichwa yote vumbi!"

"Na uzidi kuuma."

"Ukuta iko mtupu sasa, Letisia. Nilete lini wazee kwa baba yako? Na rangi... nipake njano?"

Letisia akatazama juu. Mvua ilikuwa imetoka kukatika.

"Bluu."

"Bluu? Ile ile?"

"Ile ya Raissa umeshaikwangua. Hii nimeichagua mimi. Na usiguse brashi mpaka nifike, baka la kwanza napaka mwenyewe. Ukikohoa tena, nakukwangua wewe!"