Feni ya Shakiba

"Nani alikuambia ukubali kusasisha?"

"Mashine yenyewe iliuliza! Nikabonyeza ndiyo."

"Na ingekuuliza kama una akili, kaka Yama, ungebonyeza nini?"

Ndivyo rafiki yangu Shakiba alivyogombana na kaka yake jioni ile hapa Kabul. Tangu shule zetu wasichana zifungwe, yeye alisomea kwenye laptopu, na mtihani wa mtandaoni ulikuwa kesho yake. Akiukosa, hana nafasi nyingine. Lakini tangu programu ya ndani inayoiendesha isasishwe, mashine ilikuwa inajikokota na kuchemka, na feni inahema.

Waliiondoa juu ya sandali, meza yetu ya makaa inayofunikwa blanketi, maana joto la chini nalo lilikuwa linaichoma. Haikusaidia. Wakapuliza vumbi. Wakajaribu kurudisha programu ya zamani, ikakataa. Kisha umeme ukakatika. Shakiba, machozi yakimlenga, akachomoa betri.

Feni ikaendelea kuhema.

"Ing'oe!" alisema.

Yama akafungua skrubu kwa kupapasa, akamwekea dada yake feni mkononi. Ilikuwa imetulia, baridi kabisa. Kuhema kukaendelea gizani, polepole, upande wa mlangoni, mahali ambapo kwetu mgeni hakalishwi.

Mlango ukafunguliwa. Mama yao alikuwa amerudi na taa kutoka kwa jirani. Akasimama kizingitini, akajifunika ushungi haraka.

"Hamna haya, wanangu? Mgeni mmemkalisha hapa mlangoni, na blanketi lote mmevuta ninyi?"