Kisafishe au Isafishe?

Kila akitoka shule, Mkalimani alipitia karakana ya shangazi yake. Hilo halikuwa jina la kuzaliwa. Alibandikwa jina hilo na mafundi kwa sababu ndiye aliyewasomea ujumbe wa Kiingereza kutoka kwa wateja, tena kwa mbwembwe, mkono mmoja kiunoni. Shangazi alitengeneza fremu za picha na vioo.

Siku hiyo mezani palikuwa na kioo kikuukuu chenye fremu nyeusi tii. Kililetwa na mama mmoja mgeni aliyefungua hoteli mtaa wa pili. Kazi ikimpendeza, angempa Shangazi fremu zote za hoteli, na Shangazi aliitaka kazi hiyo kwa udi na uvumba.

"Haya, Mkalimani, ametuandikia nini?" akauliza Shangazi, akimpa simu.

Msichana akasoma kwa sauti: "Take the mirror out of the frame and clean it with spirit." Kisha akatafsiri, "Toa kioo kwenye fremu, halafu..."

Akakwama. Akisema *kisafishe*, itakuwa kioo. Akisema *isafishe*, itakuwa fremu. Lakini ile *it* ya Kiingereza ilikaa kimya tu, haitaji mwenyewe.

"Halafu nini?" akadakia binamu yake, fundi wa pale, ambaye alikwisha kulowanisha kitambaa kwa spiriti. "Kioo, bwana! Nani asiyejua kioo husafishwa kwa spiriti? Au leo Kiingereza kimekupiga chenga?"

Mafundi wakaangua kicheko. Msichana aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Ilikuwa rahisi mno kusema "ndiyo, kioo" na kulinda sifa yake. Binamu akakichomoa kioo, akakigeuza, kitambaa kikasogea.

"Kaka, usiguse!" msichana akapiga kelele. "Sijui ni kipi! Sentensi haisemi. Shangazi, naomba tumpigie mwenyewe."

Shangazi akapiga namba na kumwachia simu. Msichana akauliza kwa Kiingereza kilichonyooka: kisafishwe kioo, au fremu?

"Fremu!" mama akajibu kwa mshtuko. "Kioo hicho ni cha marehemu mama yangu. Rangi ya nyuma inabanduka, spiriti ingekimaliza kabisa. Samahani, binti, niliandika vibaya. Afadhali umeuliza!"

Msichana alipowaeleza, Binamu akaweka kitambaa chini taratibu. Walikifunga kioo kwenye blanketi, wakaanza kuisugua fremu. Weusi ulitoka, na chini yake yakajitokeza majani ya kuchonga yenye rangi ya dhahabu. Karakana nzima ikalipuka kwa shangwe.

Kesho yake mama alikuja, akaiona fremu, akashika mdomo. Kabla ya jioni, fremu za hoteli zilikuwa zimejaa mpaka mlangoni.

"Mdogo wangu, nilikucheka bure," Binamu akasema. "Nisamehe."

Shangazi akamvuta msichana karibu. "Mwanangu, wengi hapa wangebahatisha ili wasichekwe. Wewe ulisema hujui, watu wakiwa wanakucheka, halafu ukamuuliza mwenye maneno yake. Fanya hivyo shuleni, fanya hivyo kazini. Kazi hii yote unayoiona mlangoni imeletwa na 'sijui' yako."