Kilo Kumi na Moja Kwenye Kiti cha Nyuma

Kiti kilikuwa kitupu, lakini kioo kidogo cha mtambo kilisoma kilo kumi na moja na gramu mia nne.

Fundi alikipangusa kwa kidole gumba, kana kwamba tarakimu zile ni vumbi. Hazikutoka. Akainama mlangoni, akapapasa kiti cha nyuma, akakuta kitambaa kikavu, na chini yake mkeka mwembamba wa sensa alioushona kwa mkono wake mwenyewe. Hapakuwa na kitu. Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama utosini, na uani pa karakana hapakuwa na mtu mwingine ila mpaka rangi, aliyekuwa akisugua mlango wa gari kwa msasa.

"Wewe, umeweka kitu humu?" Fundi aliuliza.

"Mimi? Kwenye gari lako? Heri nishike nyaya za nguzoni na mikono imelowa."

Mtambo ule aliuvumbua yeye. Mkeka ukikandamizwa ulitoa umeme kidogo sana, usioweza kumshtua hata sisimizi. Saketi aliyoilehemu usiku na mchana iliukuza ule umeme, ikaugeuza kuwa tarakimu, na tarakimu ikazigeuza kuwa sauti. Injini ikizimwa na uzito ungali kitini, spika chini ya dashibodi ilisema kwa sauti ya Fundi mwenyewe, aliyoirekodi jikoni kwake: "Mtoto bado yumo garini."

Sababu ya uvumbuzi huo kila mtu pale aliijua, na hakuna aliyeitaja. Miaka miwili nyuma mumewe, mwalimu wa sekondari, alitakiwa kumpeleka mtoto wao kwa bibi yake. Mtoto akalala njiani. Mwalimu, kichwa kimejaa mambo ya mitihani, akapitiliza hadi shuleni, akaegesha juani, akafunga milango, akaingia kusimamia mtihani uliochukua saa tatu. Gari lilikuwa hilihili. Mwalimu alitaka liuzwe, naye hakuligusa tena. Mkewe alikataa kuliuza.

Kabla ya msiba watu walimwita Mama Kibogoyo, kwa sababu ya mtoto aliyechelewa kuota meno. Baada ya mazishi wakamwita Fundi tu. Naye hakumlaumu mumewe hata kwa neno moja. Ndugu wakamsifu: mwanamke ana moyo huyu! Alimpikia, alimfulia, alimuuliza asubuhi kama kaamka salama. Lakini neno lenyewe lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki, halishuki wala halitoki.

Basi akapima nyaya kwa mita. Nzima. Akabadilisha bodi. Akauhamishia mkeka kwenye gari la mteja: sifuri. Akaurudisha kwenye gari lake: kumi na moja na gramu mia nne. Hapo akakumbuka namba ile iliandikwa wapi. Iliandikwa kwa wino wa bluu kwenye kadi ya kliniki, wiki moja kabla ya siku ile.

Kesho yake, saa ileile, gari lilinuka maziwa yaliyochacha na plastiki iliyopata moto. Siku ya tatu alipozima injini, spika ikasema, "Mtoto bado yumo." Neno la mwisho halikuja. Siku ya nne ikasema, "Bado nimo." Sauti ilikuwa yake, ila imepanda na kukonda kama uzi unaopitishwa kwenye tundu la sindano.

Mwingine angetupa funguo akakimbia. Yeye alifunga mlango, akageuka nyuma, akanong'ona, "Umekula?"

Tangu hapo kila saa sita alikaa garini, vioo vimefungwa, jasho likimtiririka mgongoni, akizungumza na kiti. Namba ikapanda. Kilo kumi na tatu. Kumi na sita. Ishirini. Anakua, alijiambia, mwanangu anakua, na furaha yake ilikuwa ya kutisha kuliko hofu, kwa sababu hakuuliza ni mtoto gani anayeongeza kilo nne kwa siku mbili, wala hakutaka kuona jinsi kitambaa cha kiti kilivyokuwa kikibonyea kila siku kwa upana zaidi, hadi springi zikawa zinalia kila mara kile kilichokaa kilipojigeuza.

Mpaka rangi ndiye aliyekwenda shuleni. "Mwalimu," alisema, akitazama viatu vyake, "mkeo anaongea na kiti. Na mimi, Mwalimu, nimesikia kiti kikimjibu."

Mwalimu alikuja mbio. Alisimama hatua tatu kutoka kwenye gari, akashindwa kusogea zaidi.

"Mke wangu."

"Shii. Amelala."

"Nani amelala?"

"Punguza sauti, utamwamsha."

Mwalimu akachungulia. Kioo cha mtambo kilisoma kilo themanini na tisa. Kiti cha nyuma kilikuwa kimedidimia kama kimekaliwa na mtu mzima aliyepanua miguu. Ile harufu ikampiga usoni, naye aliijua, maana ndiye aliyeufungua mlango siku ile.

"Toka humo," alisema, meno yakigongana kwenye joto lile. "Nakuomba, toka."

Mkewe alimtazama.

Jioni hiyo Mwalimu akamleta mganga, bibi mmoja mfupi mwenye sauti kavu. Bibi aliweka kiganja juu ya paa la gari, akakiondoa upesi kama aliyeguswa na pasi.

"Mwanangu," alimwambia Fundi, "wafu hawaongezeki uzito. Hili ni jini, na halijawahi kuwa mtoto wa mtu. Kuna neno umemficha mumeo, na hilo ndilo chakula chake."

"Sijamficha kitu, Bibi."

"Haya. Kesho saa sita, saa linapokuja, nitaleta makaa na ubani. Huo mkeka mtaufumua nyinyi wawili, kwa mikono yenu. Mmoja peke yake asiguse. Mmenisikia?"

Walimsikia.

Kesho yake saa sita ilifika, Bibi hajafika. Mpaka rangi alikuwa ametoka kununua msasa. Gari lilikuwa juani, mlango wa nyuma wazi. Fundi alikuwa na wembe mkononi.

"Bibi kachelewa," alimwambia mumewe. "Ingia uanze kukata nyuzi. Nakuja."

"Alisema tuwe wote."

"Nakuja, nimesema."

Mwalimu akauchukua wembe. Miaka miwili hakuwa amegusa hata kitasa cha gari lile. Akainama, akaingia, akakaa pembeni kabisa ya mahali palipobonyea. Na mlango, bila upepo, ukajifunga.

Fundi alikuwa na ufunguo wenye kitufe mfukoni. Akasikia ile sauti, nyembamba, tamu, karibu na sikio kuliko spika ilivyokuwa: "Na yeye aonje." Kidole kikabonyeza. Milango ikajibu, chwa.

Akasimama. Alijua lazima abonyeze tena, alijua kama mtu anavyojua jina lake, na sauti ikamwambia kidogo tu, aonje kidogo tu, naye akasema moyoni kidogo tu, huku akimwona mumewe nyuma ya kioo akiweka wembe chini, akikunja mikono magotini, akigeuza uso kumtazama yeye, shati likilowa kifuani, kisha mabegani, kisha lote, midomo ikikauka na kupauka, macho yakiwa hayamwachi, hayaombi, hayalaumu, yanatazama tu, na kivuli cha paa la karakana kikasogea upana wa mkono juu ya kokoto na yeye angali ameshika ufunguo, na neno lile lililomkaa kooni miaka miwili likapanda hadi ulimini, akalisema mwishowe, taratibu, kwa mtu asiyeweza kumsikia: "Ulimuua."

Kichwa cha Mwalimu kikaangukia kioo.

Ndipo mpaka rangi akatokea getini, akaona, akapiga ukelele uliotoa watu madukani. Alichukua nyundo avunje kioo, lakini kwanza akashika kitasa akavuta, na mlango ukafunguka wenyewe, laini, bila kukwama popote. Mwalimu akamwangukia mikononi kama gunia.

Bibi alifika wakati gari la wagonjwa linaondoka. Hakuuliza kitu. Alimshika Fundi kifundo cha mkono, akamlazimisha kuufumua mkeka pamoja naye, badala ya mumewe, akautupa kwenye makaa. Spika, iliyokwisha kukatwa nyaya, ililia kwa sauti tatu: ya mtoto, ya mwanamke, na nyingine ambayo haikuwa ya mtu. Kioo cha mtambo kikapasuka. Kisha kiti kikainuka polepole, springi moja baada ya nyingine, kikawa kiti tu.

"Limetoka," alisema Bibi, akikunja uso. "Na halikubisha. Majini hung'ang'ania, mwanangu. Hili limeondoka kama mgeni aliyeshiba."

Siku ya pili madaktari walimruhusu Fundi kuingia wodini. Mwalimu alikuwa amelala chali, dripu mkononi, midomo imebabuka. Fundi akavuta kiti, akakaa.

"Ni lile jini," alisema haraka, kwa sauti ya chini. "Wewe ulilisikia. Lilikuwa linaniambia nisifungue."

"Nilikaa nalo bega kwa bega," alijibu Mwalimu. "Tangu niingie halikusema neno. Mle ndani kulikuwa kimya."

Fundi akakisogeza kiti karibu zaidi. "Lakini lilikufungia. Ulishindwa kutoka."

"Nilisikia milango ikijifunga, nikafyatua komeo la ndani palepale. Mlango ulikuwa wazi muda wote."

"Sasa kwa nini hukutoka?"

Mwalimu akageuza uso ukutani.

"Nilikuwa nangoja uufungue wewe."