Medali ya Mhunzi

Saa moja na robo asubuhi, Jumamosi ya kuvishana medali, kabati la kioo katika chumba cha kumbukumbu cha kikosi lilikutwa wazi. Medali ya Mhunzi, askari wa akiba wa kwanza wa mji ule kuvishwa, haikuwepo. Kilichobaki ni utepe wake wa kijani, umekunjwa vizuri.

Meja, ambaye siku za kazi ni mwalimu mkuu, alimwita Sindano. Huyu alikuwa koplo mwishoni mwa wiki na fundi cherehani siku nyingine zote. Tepe nane za sherehe ile alizikata mwenyewe Jumatano. Uzi ukikaa upande, yeye alikuwa ameshauona.

"Saa nne tunawavisha wenzetu saba," Meja alisema. "Aliyeingia humu asubuhi ni Mzee Sufuria peke yake, kuleta chai. Isipoonekana, nitalazimika kuwaita polisi."

Sindano alisikia uchungu. Mzee Sufuria aliwapikia kambini tangu wengine hawajaota ndevu. Umri ukamstaafisha bila medali kwa kupungukiwa kambi moja tu, na bado kila sherehe alikuja kuwachemshia chai. Leo aitwe mwizi?

Alimkuta jikoni, akisuuza vikombe.

"Mwanangu, nimeweka sinia nikatoka," Mzee alisema. "Mlango niliukuta wazi, Karani keshafungua."

Karani ndiye mtunza ufunguo, na mtu wa nyumbani hakuna anayemhesabu. Sindano aliliweka hilo moyoni, akaenda kwa Mpiga Tarumbeta, aliyenuka dawa ya kung'arishia vyuma hadi kwenye nyusi.

"Dada, mimi na bendi nzima tuko uwanjani tangu saa kumi na mbili," alijitetea. "Hata chai sijaonja!"

Bendi nzima ilikubali, hasa hilo la chai. Sindano akarudi kwa Meja, akauchukua ule utepe.

"Afande, kwa nini huu hauna ukingo wa njano kama nilizokata mimi?"

"Huo ni wa zamani. Enzi hizo mtu alitumikia miaka ishirini ndipo apate. Baada ya vita wakashusha hadi kambi kumi na mbili, wakabadili utepe. Medali yenyewe ni ileile."

Sindano aliupeleka dirishani. Mshono ulikuwa umefumuliwa tundu kwa tundu. Mwenye tamaa ya fedha angeuchana. Huyu aliufumua kwa adabu, kama mtu anayetaka medali ivaliwe leo na utepe mpya.

Saa tatu na nusu aliwakusanya wote.

"Karani, wanaovishwa ni wangapi?"

"Saba."

"Mbona Jumatano ulichukua kwangu tepe nane?"

"Moja ya akiba."

"Basi tuoneshe."

Karani alijipapasa mfukoni, akatoa kitambaa. Ndani yake ilikuwamo medali ya Mhunzi, imeshonewa utepe wa kijani na njano.

"Nilitaka kumvisha Mzee," alisema. "Mwaka wa mafuriko nilikuwa kuruti, nikaugua kambini. Alinibeba mgongoni hadi hospitali, akakaa nami mpaka kambi ikafungwa. Nilipopona nikapewa kazi ya kunakili daftari la mahudhurio. Jina lake halikuwemo kwenye orodha za jioni, nikaandika hakuhudhuria. Mwezi huu ndipo nikaona kwamba tarehe alizokosekana ni zile alizokuwa nami hospitali. Ni mimi niliyemnyima, miaka kumi na tisa."

"Na leo ukanyamaza aitwe mwizi?" Sindano alifoka. "Kweli shukrani ya punda ni mateke!"

"Niliona aibu kusema nilikosea."

"Nakumbuka, aliondoka kwa amri ya mkuu wa kambi," Meja alisema polepole. "Kambi ya namna hiyo huhesabiwa. Ungesema tu, Karani. Sasa utajibu shtaka la wizi baada ya sherehe, na medali ya Mzee nitaiagiza leo hii. Lete daftari."

Karani alikata neno la zamani, akaandika jipya, Meja akatia sahihi. Mzee Sufuria alimshika bega.

"Mwanangu, mimi nilishapata changu. Kila nikikuona unapita na mafaili yako, nashukuru Mungu kwamba uliishi." Akavua kofia. "Lakini hebu nisomee."

"Kambi ya kumi na mbili," Karani alisoma. "Alihudhuria."

"Soma tena," Mzee alisema.